Kompyuta ya Kuunga Inajizima Ghafla? Usinunue Kifaa Chochote Kwanza

Somo la leo ni refu, kwa hiyo kama uko dukani na wateja wamekusimamia lihifadhi kwanza, utalisoma ukishafunga.

Linawahusu wale ambao kompyuta ya biashara hamkuinunua ikiwa kamili, mmeiunga wenyewe. Madabodi umepata kwa mtu, prosesa umeagiza Kariakoo, kadi ya grafiki ya mtumba, boksi lake la chuma umepewa na fundi. Mashine inawaka, inapiga kazi, video za bidhaa zinatoka safi. Halafu siku moja katikati ya kazi, pap! Giza. Hakuna onyo wala ujumbe wowote. Baada ya sekunde chache inajiwasha yenyewe kama vile hakuna kilichotokea.

Yangu ilianza Oktoba mwaka jana. Mimi nauza asali hapa Tabora mjini, naichukua Sikonge na Uyui, natuma kwa mabasi Kahama, Mwanza, Dodoma mpaka Dar. Kompyuta naitumia kukata video, kuchapa stika za chupa na kutunza orodha ya oda. Siku hiyo nilikuwa naingiza majina ya watu 17 waliolipa kianzio, huku video ya tangazo inajitengeneza kwa nyuma. Ikazima wakati nahifadhi faili. Nilipoiwasha, faili halifunguki. Kesho yake asubuhi mama mmoja wa Kahama akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile hela yangu uliipata au haikufika? Mbona kimya?"

Hela ilifika. Ila sikuwa najua tena alitaka lita ngapi, na kumuuliza nilikuwa naona aibu. Siku mbili nzima nikakaa na simu nasoma meseji za miamala moja moja mpaka nikawapata wote 17. Na bado nikakosea mmoja, nikamtumia asali ya nyuki wakubwa wakati alilipia ya nyuki wadogo. Tofauti ya bei hapo mnaijua. Akaniita tapeli kwenye grupu lenye wateja wangu wengine, na mimi sikuwa na cha kujibu zaidi ya kumtumia mzigo mwingine kwa gharama yangu.

Sasa sikilizeni nilivyohangaika kabla sijatulia.

Fundi wa kwanza nilimwelezea kwa simu, hakuiona hata mashine. "Dogo, hiyo ni ramu tu. Ongeza nyingine." Nikaagiza ramu ya 8GB kwa Sh 70,000. Ikafika, nikaichomeka pembeni ya ile ya zamani, mashine ikaendelea kuzima vilevile. Wa pili akasema Windows imechoka, nikaifuta yote nikaweka upya, nusu siku imeenda, ikazima tena jioni hiyohiyo. Wa tatu akasema kadi ya grafiki imekufa, niandae laki mbili na nusu. Hela hiyo nilikuwa nayo, lakini ilikuwa ya mzigo wa Novemba. Hapo ndipo nikajiuliza, hivi hawa watu wote watatu kuna aliyepima kitu chochote?

Ukitafuta mtandaoni utakuta ushauri mmoja kila mahali: chomoa kifaa unachokishuku, weka kingine kizima, ikitulia basi ndicho. Ni ushauri sahihi kabisa kwa mtu aliyepo Kariakoo, anavuka barabara anajaribu, sicho, anarudisha. Mimi niko Tabora, kwa reli ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar. Kifaa cha mtumba kikija na basi nikakuta sicho, nauli ya kukirudisha ni yangu na muuzaji mara nyingi simu hapokei. Mji wetu huu umekua kwa mizigo inayotoka pwani. Richard Burton mwaka 1857 alitumia siku 134 kutoka pwani mpaka hapa, enzi hizo panaitwa Kazeh. Siku hizi basi linakuja ndani ya siku moja, lakini mzigo uliokosewa bado unauma. Kwa hiyo njia nitakayowaonyesha ni ya mtu asiye na kifaa cha akiba ndani, na hela yake imefungwa kwenye bidhaa.

Kitu cha kwanza, acha kusema tu "inazima". Angalia INAKUFAJE. Kuna kufa kwa giza la ghafla, kama mtu kachomoa waya, halafu inajiwasha au inabaki imezima. Kuna kufa kwa skrini ya bluu yenye maandishi, halafu inajiwasha. Na kuna kuganda: picha ipo, mshale hausogei, sauti inakwaruza, mpaka ubonyeze kitufe kwa muda mrefu. Watu wanayachanganya haya matatu na ndiyo maana wanapewa dawa isiyo yake. Giza la ghafla kwa kawaida linakupeleka kwenye umeme, pawa saplai au joto. Skrini ya bluu inamaanisha Windows yenyewe imeona kosa ikaamua kusimama, hapo unashuku ramu, draiva, diski, wakati mwingine prosesa. Kuganda kunaweza kuwa chochote, ila mimi huanza na diski na draiva ya kadi ya grafiki.

Tatizo ni kwamba skrini ya bluu inaweza kupita haraka usiione, ukadhani ni giza. Kwa hiyo izuie mashine isijiwashe yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kwenye Advanced, sehemu ya chini kabisa ya kuwasha na kurejesha, toa tiki kwenye Automatically restart. Kuanzia hapo skrini ya bluu ikija itabaki imesimama mpaka uipige picha kwa simu. Ikija giza hata baada ya kutoa hiyo tiki, basi ni giza kweli.

Pili, daftari. Msicheke. Sisi wote tuna daftari la madeni, tunajua nani anadaiwa shilingi ngapi tangu lini, lakini mashine ya laki saba ikizima tunasema "huwa inazima zima tu". Chukua ukurasa mmoja. Kila ikizima andika saa, ulikuwa unafanya nini, imekufaje, na umeme wa mtaani ulikuwaje. Mimi nilifanya hivyo siku kumi bila kugusa kitu kingine chochote. Ilizima mara 14. Nilipokaa kusoma, mara 12 video ilikuwa inatengenezwa, na nyingi ya hizo zilikuwa kati ya saa saba na saa kumi mchana, lile joto letu la Oktoba kabla mvua haijafunguka. Mara mbili zilizobaki nilikuwa naandika tu, hakuna kazi nzito, ila zote mbili nimeandika "taa ilififia, mashine ya kusaga". Jirani yangu anasaga unga, akiwasha mota yake taa za chumba kizima zinainama.

Oneni hapo. Sijanunua kitu, sijafungua boksi, lakini tayari najua haizimi ovyo. Inazima ikipewa kazi nzito, na inazima umeme ukiyumba. Kuandika oda peke yake, kuchapa stika na kuchati na wateja hakujawahi kuizima hata mara moja.

Tatu, Windows ina daftari lake na lenyewe haliachi kuandika. Njia rahisi ni kubonyeza Windows na R, uandike perfmon /rel. Utaona kalenda yenye alama nyekundu kwenye siku zilizokuwa na matatizo, bonyeza siku uone. Ukitaka kwa undani andika eventvwr.msc, fungua kumbukumbu za System, tafuta mstari wa Kernel-Power wenye namba 41. Wengi wakiuona huo mstari wanashtuka wanasema "nimepata ugonjwa!" Hapana, namba 41 inasema tu kwamba mara ya mwisho mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Hata ukichomoa waya kwa makusudi itaandika 41. Chenye maana ni ndani yake, ukifungua maelezo uangalie neno BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika sababu, mara nyingi umeme umekatika chini yake. Ikiwa ni namba nyingine, hiyo ilikuwa skrini ya bluu. Mfano 26 ni mambo ya kumbukumbu, anzia kwenye ramu, na 292 ni vyombo vyenyewe kulalamika, hasa prosesa na umeme wake. Na chini yake kuna PowerButtonTimestamp, ikiwa sio 0 maana yake kuna mtu alibonyeza kitufe cha kuzimia. Kama mnatumia mashine moja na wadogo zako nyumbani, hiyo itakumalizia kesi nyingi.

Zangu zote 14 zilikuwa 0.

Kwa hiyo ramu ya elfu sabini sikuwa naihitaji, na Windows haikuwa na kosa. Iliniuma.

Nikabaki na washukiwa watatu: joto, umeme wa ukutani na pawa saplai. Joto lilikuwa rahisi kulimaliza. Kuna programu ya bure inaitwa HWiNFO, inasoma joto la prosesa na la kadi, na uzuri wake unaweza kuiambia iandike kwenye faili kila sekunde chache. Ikizima, unawasha unafungua faili unasoma mstari wa mwisho, unajua ilikufa ikiwa na joto gani. Prosesa yangu ni Ryzen 5 2600, kikomo chake ni nyuzi 95. Mstari wa mwisho ulisema 68. Kadi 74. Hapo hakuna mgonjwa wa joto. Ingekuwa 95 ningesafisha vumbi na kupaka upya ile dawa nyeupe ya juu ya prosesa, basi. Na vumbi la huku kiangazi sio la kuchezea, mimi boksi nalipuliza kila mwezi. Ukipuliza shika feni kwa kidole isizunguke.

Sasa tuje kwenye pawa saplai, na hapa naomba mkae vizuri maana ndipo wengi tunapoibiwa.

Yangu ilikuwa na maandishi makubwa ubavuni, 500W. Muuzaji kaniambia mia tano, mimi nikahesabu kadi na prosesa hazifiki mia tatu, nikaona nina ziada. Siku hiyo nikazima, nikachomoa waya, nikafungua mlango wa boksi na kusoma ile stika yenye jedwali dogo. (Nasema mlango wa boksi la kompyuta, pawa saplai yenyewe usiifungue kabisa, ndani mna vitu vinatunza umeme hata ikiwa imechomolewa, vinaweza kukuua.) Kwenye jedwali kuna safu za 3.3V, 5V na 12V, na chini ya kila moja namba yenye herufi A. Prosesa na kadi ya grafiki zinakula kutoka kwenye 12V, hizo nyingine mashine za sasa zinazigusa kidogo tu. Yangu ilisema 12V, 16A.

Chukua kikokotoo. 12 mara 16 ni 192. Hizo ndizo wati zangu halisi kwa kazi ninayoifanya. Kadi yangu ni RX 580, kiwango chake ni wati 185. Prosesa wati 65. Jumla 250, hapo sijaweka feni wala diski. Nilikuwa nadaiwa 250 mfukoni nina 192.

Sasa mbona ilikuwa inawaka na kufanya kazi miezi mitatu? Kwa sababu ukiandika tu, kadi inakula kidogo sana. Ni ukianza kutengeneza video ndipo kadi na prosesa zinadai zote kwa wakati mmoja. Wazee wa hapa Unyanyembe walikuwa wapagazi wa njia ya Bagamoyo mpaka Ujiji, mtu anabeba kama kilo 30 safari nzima. Mbebeshe huyo huyo kilo 45, atanyanyuka na atatembea, tena barabara tambarare utadhani yuko sawa. Ataanguka kwenye mlima, saa saba mchana. Pawa saplai nayo ikipata joto nguvu yake inapungua, ndiyo maana daftari langu lilijaa saa za mchana.

Kuna dalili nyingine ndogo ya kuitambua. Ikizima ikagoma kuwaka kabisa mpaka uzime swichi ya nyuma au uchomoe waya kidogo ndipo ikubali, hiyo mara nyingi ni pawa saplai imejilinda baada ya kuzidiwa. Ikizima na kujiwasha papo hapo, volti zimeanguka kwa muda mfupi. Ile HWiNFO inaonyesha pia volti za 12V, inatakiwa icheze kati ya 11.4 na 12.6, ila usiiamini sana, usomaji wa madabodi nyingi sio sahihi. Mimi nilitumia kama fununu tu.

Bado sikununua. Nilifanya vipimo viwili vya bure. Cha kwanza nilipunguza mzigo: kwenye programu ya draiva ya kadi kuna sehemu ya kushusha kiwango cha umeme inachoruhusiwa kula, nikakishusha kadri ilivyokubali. Video zikawa zinachelewa kutoka, lakini siku mbili mfululizo mchana wa jua kali haikuzima hata mara moja. Nikarudisha juu, ikazima ndani ya dakika 20. Nikashusha tena, ikatulia. Kipimo kama hicho kinakuambia mengi kuliko fundi wa kwenye simu. Na kama wewe prosesa yako ina grafiki ya ndani, unaweza kuchomoa kadi kabisa ukafanya kazi siku mbili hivyo (Ryzen 5 2600 haina, mimi nisingeona kitu).

Cha pili nilienda kuazima. Kuna kaka mmoja wa stesheneri ana mashine kubwa ya kuchapa mabango, nikamwomba pawa saplai yake baada ya kufunga, usiku mmoja tu, asubuhi saa moja nimeirudisha pamoja na soda na chapati. Usiku ule nilitengeneza video sita, kadi ikiwa juu kabisa. Kimya. Watu wa mikoani vifaa vya akiba hatuna, lakini majirani tunao, na kuazima usiku mmoja hakuna anayekunyima ukieleza vizuri. Tahadhari moja: ukiazima pawa saplai azima na nyaya zake. Kuna zile ambazo nyaya zinachomoka, na waya wa aina moja kwenye nyingine unaweza kuunguza diski hata kama unaingia vizuri.

Baada ya hapo ndipo nikaagiza. Muuzaji nilimwambia anipigie picha ya stika kabla sijalipa. Wa kwanza akakataa, nikamwacha. Wa pili akatuma, 550W, 12V 45A, yaani wati 540 kwenye safu inayotakiwa. Sh 165,000. Mashine ikawa na nguvu ya kweli kwa mara ya kwanza tangu niiunge.

Kuhusu umeme wa ukutani nitapita haraka. Nilikuta kompyuta na friji ya juisi vimechomekwa kwenye ekstensheni moja ya bei rahisi. Nikatenganisha. Fundi umeme akapima soketi kwa mita, wakati jirani anasaga tulipata volti 205 wakati kawaida yetu ni 230. Pawa saplai nzuri inavumilia hapo, ile mbovu ilikuwa inadondoka. Kama una UPS ya zamani ijaribu: hifadhi kazi zote, kisha chomoa plagi yake ukutani mashine ikiwa inawaka. Ikizima na mashine papo hapo betri imekufa, na hiyo UPS umeme ukiyumba kidogo tu inaweza kuwa ndiyo inayokuzimia.

Nilidhani nimemaliza. Siku tisa ikawa safi. Siku ya kumi, skrini ya bluu.

Kwa kuwa nilishatoa ile tiki, ilibaki imesimama na nikaisoma, MEMORY_MANAGEMENT. Kwenye kumbukumbu nikakuta namba 26. Huu ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, na kama nisingekuwa na daftari ningesema pawa saplai mpya ni feki nikagombana na muuzaji wa watu bure.

Nikaweka MemTest86 kwenye flashi, nikawasha mashine kwa hiyo flashi jioni, nikalala. Ya bure inapita mara nne na inaweza kula usiku mzima. Asubuhi nikakuta mistari myekundu imejaa. Kwa ramu, hata kosa moja ni kosa, hakuna "makosa machache tu". Nikachomoa moja nikapima iliyobaki, nzima. Nikabadilishana, nayo nzima. Zote mbili pamoja, makosa.

Kumbe ile ramu mpya ni ya kasi ya 3200, ya zamani ni 2666, na mimi nilipoiweka nilienda kwenye BIOS nikawasha XMP kwa sababu niliona mtu kwenye video kafanya hivyo. Nikailazimisha ya zamani ikimbie kasi isiyo yake. Nikazima XMP, zote zikarudi kasi ya kawaida, nikapima tena usiku mzima, safi. Yaani ramu niliyoinunua kutibu ugonjwa ambao haukuwepo ndiyo iliyoniletea ugonjwa wa pili. Elfu sabini.

Kama na wewe ni skrini ya bluu lakini MemTest86 imepita, angalia afya ya diski kwa CrystalDiskInfo, ikiwa njano au nyekundu hamisha mafaili leo, sio kesho. Halafu angalia draiva au programu uliyoweka siku chache kabla ya tatizo kuanza. Msidhani bluu lazima iwe kifaa kibovu. Tarehe 19 Julai 2024 apdeti moja yenye kosa ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikakwama viwanjani, na hakukuwa na ramu wala pawa saplai mbovu hata moja ndani ya hiyo habari. Na upande mwingine, kama umepata kwa bei nzuri prosesa za Intel za kizazi cha 13 au 14 za mezani, hasa i7 na i9, jua kwamba mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri baadhi zinapewa volti nyingi kupita kiasi na kuharibika taratibu. Dawa ilikuja kupitia apdeti ya BIOS kuanzia Agosti 2024, lakini iliyoshaharibika haiponi kwa apdeti. Ukinunua ya mtumba, muulize muuzaji kama BIOS ilishawekwa mpya, na uijaribu kwa kazi nzito kabla hamjaachana.

Kuhusu faili la oda, sa hivi naandika moja kwa moja kwenye jedwali la Google, likifungwa huku lipo kwenye simu. Wakati mnatafuta ugonjwa wa mashine fanyeni hivyo kwanza kabla ya yote, maana kwenye kutafuta itazima tena, na tena.

Mwisho, ukimpigia fundi, mwambie hivi: inakufa kwa giza au kwa bluu, BugcheckCode ni ngapi, ilikuwa inafanya kazi gani, joto la mwisho lilikuwa ngapi, na umtumie picha ya stika ya pawa saplai. Fundi anayejua kazi atakuuliza swali la pili. Anayekujibu "nunua ramu" hapohapo, mshukuru ukate simu.

Yule mama wa Kahama wiki iliyopita kaagiza lita tano nyingine. Kalipa kianzio, jina lake lipo.